Maswali na Majibu: Studio Ikinunuliwa, Kalenda Inakuwa ya Nani?

Mwezi huu karibu nusu ya barua zinahusu makampuni makubwa kununua studio za RPG, yaani gemu za kuigiza mhusika. Nimechagua zenye hoja. Zile za "gemu gani inaingia kwenye simu yangu" nimeziacha, na nitaendelea kuziacha.

Kaka, tumalizie ubishi wa kijiweni: EA iliua BioWare, ndiyo au hapana? (Msomaji, Mwanza)

Swali hili huja kila mwezi, na huja na jibu lake mfukoni. Twende taratibu.

EA, kampuni kubwa ya gemu ya Marekani, ilitangaza kuinunua BioWare, studio ya RPG ya Kanada, Oktoba 2007, pamoja na studio ya Pandemic, kwa dili lililofika hadi dola milioni 860. Kama kununuliwa peke yake kungekuwa kifo, Mass Effect 2 isingetoka Januari 2010 ikiwa gemu ambayo wengi bado wanaiweka juu ya nyingine zote za studio hiyo. Ila wengi wenu mnasahau kwamba gemu za mwanzo baada ya mauzo huwa zilishaanza kupikwa zamani. Dragon Age: Origins ilitangazwa 2004, ikatoka Novemba 2009. Ile ni kazi ya watu waliokuwa na ruhusa ya kuchelewa. Athari ya mauzo itafute kwenye Dragon Age II, Machi 2011, miezi 16 tu baadaye. Mliocheza mnakumbuka: unaingia pango jipya, unakuta ni lile la jana, mlango mmoja umezibwa. Na wazo lenyewe, kukaa mji mmoja wa Kirkwall na kuutazama ukiharibika mwaka baada ya mwaka, lilikuwa zuri kuliko la gemu ya kwanza. Waandishi hawakuishiwa akili ndani ya miezi 16. Waliishiwa muda.

Sasa upande ambao mashabiki hawapendi kuusikia. Anthem, ya 2019, ilikaa jikoni zaidi ya miaka sita, na uchunguzi wa mwandishi wa habari Jason Schreier uliochapishwa kwenye tovuti ya Kotaku Aprili mwaka huo ulionyesha kwamba kwa muda mwingi uongozi wa studio yenyewe haukuwa na hakika unatengeneza gemu gani. Kuruka angani kulitiwa, kukatolewa, kukarudishwa. Kulibaki baada ya Patrick Söderlund, mmoja wa mabosi wa EA, kuonyeshwa toleo lenye kuruka akalifurahia. Kwa hiyo jambo pekee ambalo karibu kila mchezaji alilisifu lilipona kwa sababu ya mtu wa makao makuu! Lawama igawanywe.

Kisha Dragon Age: The Veilguard. Ilisukumwa iwe gemu ya wengi mtandaoni, baadaye ikarudishwa kuwa ya mchezaji mmoja, ikatoka 31 Oktoba 2024. EA ikatangaza imewafikia wachezaji milioni 1.5, karibu nusu ya walichotarajia, na watu wakapunguzwa kazi. Mkuu wa EA, Andrew Wilson, akawaambia wawekezaji kwamba wachezaji wanazidi kutaka vipengele vya ulimwengu wa pamoja. Yaani gemu iliyopotezewa miaka kwa kulazimishwa mtandaoni ikalaumiwa kwa kutokuwa ya mtandaoni kiasi cha kutosha. Hapo ndipo mnapopaswa kukasirikia, si kwenye neno "EA".

Ni kweli walilazimishwa kutumia injini ya Frostbite? (Msomaji, Nakuru)

Aaryn Flynn, aliyeiongoza BioWare wakati huo, amesema uamuzi ulikuwa wao wenyewe. Kwamba injini, yaani programu ya kujengea gemu, iliyoundwa na DICE, studio nyingine ya EA, kwa ajili ya gemu za kufyatuliana risasi haikuwa na begi la vitu wala njia ya kuhifadhi mchezo inavyotakiwa na RPG, hilo ni kweli, na wahandisi walilipa gharama yake.

The Elder Scrolls VI inatoka lini? (Wasomaji kumi hivi)

Ilitangazwa Juni 2018 kwa video fupi ya milima. Tarehe haijatajwa. Msiniulize tena.

Kama kuuza kuna madhara, kwa nini waanzilishi wanauza? Ni tamaa tu? (Msomaji, Zanzibar)

Tamaa ipo, lakini anayeuliza hivi hajawahi kulipa mishahara. Chukua Obsidian, iliyoanzishwa 2003 na watu waliotoka studio ya Black Isle. Kwa miaka mingi ilikuwa huru, na uhuru wenyewe ulikuwa hivi: unatengeneza gemu ya mtu mwingine, kwa jina la mtu mwingine, ukimaliza unaanza kutafuta mkataba mwingine kabla akaunti haijakauka. Fallout: New Vegas ya 2010 ilikuwa na bonasi endapo ingefikia alama 85 Metacritic, tovuti inayojumlisha alama za wahakiki. Ilipata 84. Aliyeyasema hayo hadharani ni Chris Avellone, mmoja wa waanzilishi. Alama moja, na gemu ambayo leo mnaiita bora ya mfululizo wote.

Mwaka 2012 wakaenda kuchangisha kwa mashabiki, wakapata karibu dola milioni 4, ikazaliwa Pillars of Eternity. Mwaka 2018 wakauza kwa Microsoft. Halafu? Novemba 2022 wakatoa Pentiment: mchoraji wa vitabu, Bavaria ya karne ya 16, mauaji ndani ya abasia, hakuna upanga wa kung'arisha. Kikosi kilikuwa kidogo mno. Mkurugenzi wake, Josh Sawyer, amesema asingethubutu hata kuipendekeza bila Game Pass, huduma ya Microsoft ya kulipia kwa mwezi na kucheza gemu nyingi. Mchapishaji wa kawaida angeuliza itauza nakala ngapi, na kikao kingeishia hapo. Kwa hiyo ndiyo, mnunuzi anaweza kulinda ubunifu, ili mradi hahesabu kila gemu kivyake. Siku Microsoft itakapoanza kuhesabu hivyo, Pentiment ya pili msiisubiri.

Na msidhani kuachiwa uhuru ndani ya kampuni kubwa kunatosha. Redfall, ya Arkane Austin (si RPG kamili, lakini ni ndugu), ilikuwa imeshaanza kabla Microsoft haijanunua kampuni mama kwa dola bilioni 7.5. Bloomberg iliripoti kwamba baadhi ya wafanyakazi walitumaini mnunuzi ataifuta au kuigeuza iwe ya mchezaji mmoja. Hakuigusa. Kufikia mwisho wa kazi, karibu asilimia 70 ya walioitengeneza Prey, gemu ya awali ya studio hiyo, walikuwa wameshaondoka. Gemu ikaanguka Mei 2023, studio ikafungwa Mei 2024. Mnaonunua gemu kwa kusoma jina la studio kwenye kasha, na mnaolipia kabla haijatoka, jiulizeni nani bado yumo ndani.

Larian wako huru wametoa Baldur's Gate 3. Si ushahidi tosha kwamba uhuru ndio dawa? (Msomaji, Bujumbura)

CD Projekt wa Poland pia hawakununuliwa na mtu, wakatoa Cyberpunk 2077 Desemba 2020 katika hali iliyofanya Sony waiondoe dukani. Kampuni yenye hisa sokoni ina bwana wake hata kama haina mnunuzi.

Kilichowasaidia Larian ni kwamba mwanzilishi wao, Swen Vincke, ndiye anayeamua gemu imeiva lini. Waliiuza ikiwa bado inajengwa kuanzia Oktoba 2020, wakasikiliza malalamiko karibu miaka mitatu, wakaitoa kamili Agosti 2023. Tencent ya China ina hisa zisizofika nusu pale, bila kushika usukani. Mwenye sauti kuhusu tarehe ndiye mwenye studio; cheti cha umiliki ni karatasi.

Embracer je? Wamefunga studio kibao. (Msomaji, Muscat)

Kampuni hii ya Sweden ilinunua kwa kasi ya mlevi mwenye mshahara, dili la dola bilioni 2 likavunjika Mei 2023, wakaanza kufunga na kuuza. Gemu mpya ya Deus Ex ilifutwa Januari 2024 kwa hesabu za makao makuu yao Karlstad, si kwa sababu watu wa studio ya Montréal waliishiwa mawazo. Ila katika kundi hilohilo Warhorse wa Prague waliachwa wamalize Kingdom Come: Deliverance II, ikatoka Februari 2025 ikauza nakala milioni moja ndani ya siku moja. Mnunuzi mmoja, matokeo mawili.

EA yenyewe sasa inanunuliwa na Wasaudi. Watabadilisha hadithi za gemu? (Msomaji, Doha)

Kila mtu anauliza kuhusu hadithi, hakuna anayeuliza kuhusu deni. Dili lililotangazwa Septemba 2025, la PIF, mfuko wa serikali ya Saudia, pamoja na kampuni za uwekezaji za Silver Lake na Affinity Partners, ni dola bilioni 55, na bilioni 20 kati yake ni mkopo. Mkopo una riba, na riba hulipwa na gemu za mpira zinazouza kadi mwaka mzima. RPG inayotaka miaka saba itajieleza vipi kwenye kikao hicho? Mimi naiogopea BioWare zaidi kwa riba kuliko kwa udhibiti.

Mimi na wenzangu tunatengeneza RPG ya hadithi za pwani. Tukipata mchapishaji tukubali? (Msomaji, Dar es Salaam)

Mdogo wangu, kwanza maliza kipande kinachochezeka. Kiro'o Games wa Yaoundé walitoa Aurion mwaka 2016 baada ya kuchangisha mtandaoni, kwa hiyo usiniambie Afrika haiwezekani. Mchapishaji akija, mbane kwenye mambo mawili: nani anaamua tarehe, na jina la gemu linabaki la nani. Larian hawamiliki Baldur's Gate. Walipoamua kuachana nayo 2024, dunia yote waliyoijenga upya waliiacha kwa wenyewe, Wizards of the Coast. Interplay iliiuza Fallout kwa Bethesda mwaka 2007 kwa dola milioni 5.75, na leo kuna tamthilia nzima ya televisheni juu yake. Tafuteni wakili wa haki miliki kabla ya kusaini. Si yule mjomba anayeshughulika na kesi za viwanja.