Re: Pasi yangu inavuta ampea 4.6, ukinzani na wati ni ngapi?
Mkuu, kama mita imekuonyesha volti 230 na ampea 4.6, ukinzani (jinsi waya wa pasi unavyozuia umeme, hupimwa kwa omu) ni volti gawanya kwa ampea: 230 ÷ 4.6 = omu 50. Nguvu, zidisha: 230 × 4.6 = wati 1058. Saa nzima mfululizo ni kama yuniti moja (ila pasi hujikata ikishapata moto, kwa hiyo italamba pungufu).

Kuhusu umeme mdogo wa jioni, pasi ikishindwa kunyoosha kola, hapo ndipo wengi hukosea. Omu 50 za pasi hazibadiliki sana. Volti zikishuka hadi 180, ampea zinakuwa 3.6 na wati 648 tu. Ndiyo maana kola hainyooki. Ila balbu ya waya si kama pasi: usiipime omu ikiwa imezimwa, waya baridi una ukinzani mdogo mno, ukipiga hesabu kwa omu hizo utapata wati za ajabu.