Mayo inanuka hata kisha kufula: majibu ya maswali yenu

Tangu mvua irudi hapa Bukavu, maswali ya nguo ya sport imeanza kunifikia mingi, batu banauliza karibu kitu kimoja kila mutu na njia yake. Nimechagua yenye inarudi sana, najibu moja moja.

Mutoto wangu anacheza mupira Kadutu. Nafula mayo yake na Omo mingi mpaka povu inajaa baseni, inakauka inanukia muzuri, akivaa akikimbia dakika kumi tu ile harufu inarudi. Shida iko wapi?

Mama, shida siyo mukono yako na siyo kusema mutoto ni muchafu. Jasho yenyewe ikitoka mu mwili karibu haina harufu, yenye inaleta harufu ni mikrobe zenye zinakula ile jasho na mafuta ya ngozi. Sasa mayo mingi ya mupira ni poliesta, na poliesta hainywi maji lakini mafuta inaishika sana, njo maana maji na povu inapita juu, mafuta inabaki ndani ya nyuzi na mikrobe inabaki nayo, mutoto akipata joto tu zinaamka. Mu 2014 batafiti ba Chuo Kikuu cha Ghent kule Ubelgiji balichukua tisheti za batu 26 kisha bale batu kutoka jasho sana ku baiskeli ya salle, balikuta za poliesta zinanuka mubaya kuliko za pamba, na mikrobe moja yenye inaitwa Micrococcus ilikuwa inazaa sana ku poliesta. Kwa hiyo usimugombeze mutoto.

Na Omo mingi haisaidii, naomba uniamini kwa hii. Sabuni yenye haikutoka yote wakati wa kusuuza inabaki mu kitambaa, inashika uchafu mupya. Pima kijiko mbili za chakula kwa baseni ya nguo kidogo, inatosha.

Fanya hivi. Pindua mayo ndani inje, juu jasho iko upande wa ndani, na hata namba ya mugongo utaiokoa. Isuuze kwanza na maji baridi tupu. Kisha iloweke nusu saa mu maji ya uvuguvugu yenye kikombe kimoja cha vinegre nyeupe kwa bikombe bine bya maji, isuuze tena muzuri kabla ya kuleta sabuni, juu vinegre ikikutana na sabuni ya kipande inaivunja, unaona kitu nyeupe ya mafuta inaelea na hakuna yenye inasafisha tena. Hapo njo unaweka Omo, unasugua fasi ya makwapa na kola na broshi laini, unaacha nusu saa ingine. Aina mingi ya Omo iko na enzime zenye zinakata jasho na mafuta, na enzime zinahitaji muda, lakini maji ya kuchemka inaziua, kwa hiyo maji ya uvuguvugu tu. Suuza mpaka maji itoke bila povu. Kama uko na maji ya mvua mu bido, ile ya kusuuza itumie njo hiyo, maji ya mvua haina chumvichumvi ya udongo, sabuni inatoka haraka.

Halafu kitu kimoja tena: usiache nguo mu baseni usiku muzima eti iloweke vizuri. Asubui ile maji imesha geuka nyumba ya mikrobe.

Krampo zangu zinanuka mpaka mama ananikataza kuingiza ndani. Nilizikausha pembeni ya babula, sasa semeli imeanza kufunguka.

Mudogo wangu, moto ya babula inalainisha gundi, na kama ni ngozi inapasuka. Usirudilie. Udongo yetu ya milima ni ya kunata, kwa hiyo usiisugue ikiwa mubichi, unaiingiza tu mu mishono. Ngoja ikauke, gonga kiatu moja ku ingine inje ya lupango, kisha broshi.

Harufu sana sana inakaa mu ile semeli ya ndani. Itoe, ifule yenyewe na sabuni, ikauke mbali na kiatu. Mu kiatu jaza gazeti, kisha masaa mbili tatu toa yenye imelowana weka ingine kavu, utashangaa vile gazeti inakunywa maji. Kikisha kukauka, magaribi mwaga kijiko moja ya bikarbonati ndani, asubui kung'uta. Siyo kama inaua mikrobe yote, ila ile harufu ya miguu ni asidi, na bikarbonati inazima asidi. Kuna mikrobe ya miguu inaitwa Brevibacterium, ndugu yake njo inatumikishwa kule Ulaya kwa fromaje zenye zinanuka sana, kwa hiyo harufu yenye mama anasikia haidanganyi pua yake.

Benye banakuambia uweke kiatu mu kongelateri: baridi inalalisha mikrobe, haiziue zote. Kiatu ikipata joto zinaendelea na kazi. Na kama katikati ya vidole kunawasha, ngozi inatoka nyeupenyeupe, hiyo ni kuvu, enda farmasi upate pomade, na soksi za pamba uzifule na maji ya moto sana, karibu digri 60, la sivyo unajiponya na unajirudishia.

Gan za kipa, nazo nazifula na Omo?

Hapana. Ile mupira ya kiganja ni lateksi, Omo ya nguvu na jua inaikausha inaanza kumenyeka. Vaa gan mikononi, ingiza mu maji ya vuguvugu na sabuni kidogo ya laini, sugua mukono ku mukono polepole mpaka maji itoke safi. Usizikamue kwa kuzungusha, zifinye tu, zianike kivulini fasi upepo inapita. Ukitaka kucheza, ziloweshe kidogo, zinashika mupira muzuri zaidi.

Mvua inanyesha kila siku, nguo inabaki ku kamba siku mbili ndani ya nyumba na inanuka kama kitambaa ya kupangusia chini. Nafula tena, inanuka tena.

Dada, hii njo swali yenye inanigusa sana, juu kwetu mvua inaanza Septemba inaenda mpaka Mei, na nyumba mingi ni ndogo, watu banakaa mingi ndani na kamba inapita juu ya kitanda. Ile harufu ya nguo mubichi batafiti ba Japani baliitafuta, na mu 2012 balionyesha kama mukubwa wa ile kazi ni mikrobe moja, Moraxella osloensis. Iko na uwezo wa kuishi hata kisha kufula, inangoja tu unyevu ikae murefu. Kwa hiyo yenye itakusaidia siyo sabuni ya harufu kali, ni kupunguza masaa yenye nguo inabaki mubichi.

Kamua kwa nguvu zote, kisha tandika esuimé kavu, laza nguo juu, kunja bote pamoja, kanyaga na miguu. Maji mingi itatoka hapo hapo. Ku kamba achana nafasi ya mukono kati ya nguo na nguo, usiweke pantalo ya jinsi juu ya ingine. Fungua madirisha ya pande mbili upepo ipite, hata kama inje ni baridi. Baraza yenye paa ni muzuri kuliko chumba. Fula kidogo kila siku kuliko rundo kubwa siku ya posho, rundo halitakauka. Na yenye imesha kunuka, kuianika tena ku jua bila kuifula haitoshi, uirudishe mu maji. Kama ni pamba, esuimé ao soksi, mwangia maji ya kuchemka, iache ipoe nayo ndani. Poliesta na elastike usiichemushe.

Sasa tafazali sikia hii. Najua batu benye banaingiza babula ya makala mu chumba, banafunga mulango, eti nguo ikauke usiku. Ile makala inatoa gazi yenye haina harufu wala moshi, monoksidi ya kaboni, inaingia mu damu inafukuza oksijeni, mutu analala haamuki. Nguo inanuka mutu hafi. Babula ibaki inje, kila siku, hata mvua inyeshe namna gani.

Na nguo yenye unaanika ku majani ao ku uzio, piga pasi pande zote mbili, sana sana ya batoto na nguo ya ndani. Kuna inzi moja inaweka mayai ku nguo mubichi, funza yake inaingia mu ngozi inakuwa kama jipu. Moto ya pasi inaua yale mayai. Kwa mayo ya poliesta pasi iwe ya chini kabisa, na kama huwezi kupiga pasi, anika ku kamba fasi jua inapiga, siyo chini.

Jirani aliniambia nichanganye javeli na vinegre, harufu yote itaisha. Ni kweli?

Usijaribu, hata kidogo, hata inje. Javeli na asidi yoyote inatoa gazi ya klorini, inachoma macho na mapafu. Javeli na mukojo ao amoniaki nayo inatoa gazi ya mubaya, kwa hiyo hata nguo ya mutoto yenye mukojo isuuze kwanza. Na kwa mayo javeli haina kazi, inakula elastike, poliesta nyeupe inageuka manjano. Vinegre na bikarbonati pamoja haziumizi mutu, ila zinazimana, povu inapendeza macho tu na unabaki na maji ya chumvi. Tumia moja, suuza, kisha ingine.

Kimono yangu ya karate ni nyeupe, kola na makwapa imekuwa manjano. Javeli inazidisha.

Ndiyo, javeli inazidisha manjano ya jasho, sana sana kama unatumia deodora yenye aluminium. Uliza farmasi maji ya oksijeni ya volume 10, njo ile ya kusafishia kidonda, ni asilimia 3. Changanya na bikarbonati mpaka ikuwe uji muzito, pakaa ku manjano, nusu saa kivulini, sugua, fula kama kawaida. Kwa nguo nyeupe tu, rangi inaweza kutoka. Maji isikuwe ya kuchemka, pamba inapunguka na mikono ya kimono inafika ku kiwiko. Isipotoka mara ya kwanza rudilia, manjano ya murefu inatoka polepole.

Nasimamia ekipe ya batoto Panzi, mayo zote ziko mu sac moja, batoto banakataa kuzivaa.

Papa kochi, batoto iko na haki. Match ikiisha usifunge mayo mu sac ya plastiki mpaka siku ya kufula, ile joto na unyevu njo chakula ya mikrobe. Beba mu kitunga ao mu neti yenye inapitisha hewa, ukifika tu zitandaze, hata kama utafula kesho. Protej-tibia zipanguse na sabuni na kitambaa, zile bitambaa byake bifulwe na soksi. Na ile sac yenyewe ipindue ndani inje, ifule, ianike siku nzima. Kama ni ya plastiki na imesha shika harufu, itoe kazi ya kubebea mayo, tafuta ingine.