Mwanao si mvivu, ana usingizi

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama lishe pale stendi ya Mtwara mjini, naishi Chikongola na mama yangu na mwanangu wa kiume wa miaka minne. Mwalimu wa chekechea kaniita: mtoto anasinzia darasani, na wenzake wakitoka kucheza yeye anakaa chini ya mwembe. Mama anasema ni mvivu kama baba yake. Nikirudi saa nne usiku namkuta macho makavu, anaangalia katuni kwenye simu ya bibi yake, ananisubiri. Anakunywa chai ya rangi na mimi, tunapiga soga, analala saa tano. Saa kumi na mbili asubuhi namwamsha. Jirani ananishauri ninunue vitamini za kumtia nguvu. Ninunue?*

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote nimekwama pale uliposema "ananisubiri". Nitarudi hapo.

Kwanza tuhesabu. Saa tano usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi ni masaa saba. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema mtoto wa miaka mitatu au minne alale masaa 10 hadi 13 kwa siku, usingizi wa mchana ukiwemo. Hata ukimhesabia lisaa lizima la kusinzia darasani, bado anakosa masaa mawili kila siku. Wewe mwenyewe ukipunjwa hivyo wiki nzima, utakimbia?

Mwongozo huohuo unataka mtoto wa umri huo auchezeshe mwili dakika 180 kwa siku, na angalau 60 kati ya hizo ziwe za kuhema: kukimbia, kuruka, kukimbizana. Mambo haya mawili yanalishana. Aliyelala vya kutosha ana nguvu ya kucheza, na aliyecheza hulala upesi. Mwanao kakwama katikati: hachezi kwa sababu hajalala, na jioni hana uchovu wa kumlaza. Chupa ya vitamini haitalipa deni la usingizi. Weka hela yako.

Sasa, mama yako. Usibishane naye, mpe kazi. Yeye anakumbuka watoto wa zamani walivyocheza kombolela mpaka magharibi, wakaoga, wakala, wakalala. Mwombe airudishe desturi hiyo. Baada ya alasiri, jua likipoa, mtoto atoke uani akimbizane na wenzake. Magharibi aogeshwe, ale, na ikifika saa mbili usiku awe ndani ya chandarua. Simu izimwe kabla hajaoga. Mwanga wake unaudanganya ubongo kwamba bado mchana, na kwa umri wake lisaa limoja la katuni kwa siku ndiyo mwisho. Chai ya rangi usiku iachwe kabisa, inafukuza usingizi. Ampe maji, au uji mwepesi.

Usimhamishe kwa siku moja, atalia na nyote mtachoka. Rudisha nyuma robo saa kila baada ya siku mbili, na mwezi hautaisha kabla hajafika saa mbili. Miezi ya korosho, joto letu likianza kukaba, fungua madirisha mapema na mlalishe na nguo nyepesi. Usingizi mfupi baada ya chakula cha mchana usimnyime, ila asilale mpaka alasiri.

Narudi kwenye kusubiri. Mwanangu, najua hizo soga za saa nne ndizo zinazokufanya uvumilie moshi na wateja kutwa nzima, na nisingethubutu kukwambia uziache. Zihamishie asubuhi. Akilala saa mbili ataamka mwenyewe, mchangamfu, wakati wewe unawasha jiko. Kisha mshike mkono mtembee mpaka chekechea, usimpandishe bodaboda. Akuhadithie njiani, aruke madimbwi, akimbie mbele akungoje kwenye kona. Hapo umempa mama na umempa mazoezi. Usiku ukirudi, mbusu amelala. Wiki ya kwanza itakuuma wewe kuliko yeye.

Jambo moja usilichelewe. Kama anakoroma sana na pumzi inakatika usingizini, kama anahema kwa mchezo mdogo, viganja vimepauka, au anakula udongo, mpeleke kituo cha afya hata kesho. Wampime damu, malaria na minyoo. Mtoto mwenye upungufu wa damu naye hukaa chini ya mwembe, na huyo usingizi peke yake hautamtosha.

Mweleze na mwalimu mnachokifanya, asimkaripie akisinzia wiki hizi za mwanzo. Na lile neno "mvivu", mwombe mama yako kwa upole aliache. Mtoto wa miaka minne analisikia, na analiamini.