Hospitali ya Bombo na Upepo wa Bahari

SWALI: Ndugu Mhariri, marehemu bibi yangu, aliyekuwa akienda Bombo kila mwezi kupimwa presha, alizoea kusema kwamba hospitali ile iliwekwa kando ya mji kwa sababu haikujengwa kwa ajili yetu. Je, ni kweli? – Msomaji wa Chumbageni, Tanga.

JIBU: Bibi yako hakukosea, ila alisema nusu ya habari. Lile jengo kuukuu lililo juu ya jabali, linalotazama bahari, ni la zama za Wajerumani, na siku zile hospitali za kikoloni ziliwatenga wagonjwa kwa rangi, mahali pazuri pakiwa pa Wazungu.

Nusu ya pili ni homa. Mwaka 1893 ujenzi wa reli ya kwenda Usambara ulianza hapa Tanga, na mwaka huohuo Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, akaleta mkonge. Wageni wakawa wengi, na malaria ikawashambulia bila huruma. Madaktari wa Ulaya walikuwa wamelelewa katika imani kwamba maradhi hayo hutokana na hewa chafu ya vinamasi, kiasi kwamba jina malaria lenyewe lina maana ya hewa mbaya kwa Kiitaliano. Mwaka 1897 tu ndipo Ronald Ross, daktari wa Kiingereza aliyekuwa India, alipokiona kimelea cha malaria ndani ya tumbo la mbu. Kwa mtu mwenye imani ile ya zamani, mahali pa kumlaza mgonjwa palikuwa juu, penye baraza pana, upepo wa bahari ukipita mchana na usiku. Hoja yao ilikuwa mbovu, lakini matokeo si mabaya, kwani mbu hapendi upepo mkali.

Novemba 1914, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, majeshi ya Waingereza, wengi wao askari kutoka India, yaliteremka Ras Kazone, karibu na hapo, yakashindwa na jeshi la kamanda wa Kijerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, lililokuwa dogo mno kulinganishwa nayo. (Wazee wa Tanga hawasahau kutaja nyuki walioingia vitani siku hiyo.) Baada ya kushindwa, afisa wa Kiingereza alikuja na bendera nyeupe kujadili hali ya majeruhi waliobaki. Waingereza waliutwaa mji mwaka 1916 tu.

Baada ya Uhuru wa 1961 ubaguzi wa rangi katika matibabu haukuwa na nafasi tena, na Bombo ikawa hospitali ya mkoa mzima. Leo ni ya rufaa. Kwa hiyo maneno ya bibi yako ni kweli kuhusu jengo la jabalini, lakini si kuhusu wodi alizokuwa akihudumiwa yeye. Jengo lenyewe limechakaa kwa miaka mingi, na kwa maoni yangu ni aibu kuliacha hivyo. Hapohapo Bombo, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ina kituo kinachochunguza malaria, na huko hakuna anayeilaumu hewa.