Kutumika kanisani: omba kazi moja yenye siku yake

Dada mmoja aliyehamia Goma kutoka Bukavu ameniandikia wiki hii. Anakaa Himbi, anasali kila Jumapili, na misa ikiisha anarudi nyumbani bila kusalimiana na mtu. Anauliza: "Nataka kutumika kanisani. Niende kumwona Baba Paroko?" Swali hili linaletwa mara nyingi, na Wakatoliki na Waprotestanti vilevile, basi nalijibu hapa kwa wote.

Dada yangu, usianzie kwa Paroko. Anzia kwenye shirika la mtaa wako, yaani jumuiya ndogo ya Wakatoliki majirani. Tangu mwaka 1961 maaskofu wa Kongo waliamua kwamba Kanisa letu lijengwe juu ya jumuiya ndogo zilizo hai, na hadi leo shirika ndilo linalojua nani amelazwa, nani amefiwa, mtoto wa nani amerudishwa nyumbani kwa sababu ya minervali, yaani karo ya shule. Parokia inazipata habari hizo kupitia shirika. Muulize jirani yeyote Mkatoliki: shirika letu linakutana siku gani, na kwa nani? Kwa kawaida ni mara moja kwa wiki, katika nyumba ya mmoja wao. Ndugu Waprotestanti, nyinyi mtaulizia selula, kikundi cha sala cha mtaa.

Nenda na kadi yako ya ubatizo na barua ya utambulisho kutoka kanisa ulilotoka. Watu huidharau barua hiyo. Bila barua utakaa miezi mingi ukiitwa mgeni, na kazi za watoto au za pesa hutapewa. Ni haki usipewe, maana hakuna anayekujua.

Hudhuria mara nne hivi ukisikiliza tu. Kisha mwendee msimamizi wa shirika, omba kazi moja, na uitaje pamoja na siku yake: "Alhamisi kuanzia saa tisa nina nafasi, naweza kwenda kuona wagonjwa." Usiseme uko tayari kwa lolote. Aliye tayari kwa lolote huitwa kwenye kila jambo: leo kufagia, kesho kwaya, keshokutwa kilio. Mwezi wa pili anachoka, mwezi wa tatu haonekani, na anaondoka akisema kanisa lilimtumia vibaya. Wasimamizi wetu hawakosi watu wenye moyo mzuri. Wanachokosa ni jina la kuandika mbele ya siku.

Kabla ya kuchagua, uliza gharama. Kwaya inataka mazoezi mara mbili au tatu kwa wiki, sare, michango ya safari na ya misiba. Omba hesabu yake kabla hujaingia, si baada ya kupimwa kitambaa. Protokole, wale wanaopokea na kupanga watu kanisani, wanatakiwa kufika dakika 45 kabla ya misa ya kwanza na kusimama hadi mwisho. Salongo, yaani usafi wa pamoja wa Jumamosi, inataka ufagio na saa mbili za muda wako, basi. Kwa mwenye haya, huo ndio mlango mzuri kuliko yote, kwa sababu watu hujuana wakiwa wanabeba maji pamoja.

Kuhusu wagonjwa nitakaa kidogo, maana hapo ndipo tunapofanya vizuri sana au vibaya sana.

Hospitali zetu nyingi hazimpi mgonjwa chakula. Familia inaleta vyote, mpaka sabuni ya kufulia shuka. Nendeni wawili, msizidi watatu, katika saa za matembezi. Naweni mikono kwa sabuni kabla ya kuingia na baada ya kutoka. Kwanza mwite nje yule anayemlinda mgonjwa, mumuulize: amelala? Anakula nini? Daktari amekataza nini? Aliyepasuliwa tumbo hali chochote mpaka daktari aruhusu, na mwenye kisukari msimpelekee fanta. Ndani, msikae juu ya kitanda, msipige picha, msiulize ugonjwa wake mbele ya chumba kizima. Dakika 15 zinatosha. Sala iwe fupi na ya sauti ya chini, kwa sababu kitanda cha pili kuna mtu ambaye hajalala usiku mzima.

Kwenye kapu wekeni miche miwili ya sabuni, unga wa uji kilo 1, chumvi, na chakula kilichopikwa kwa ajili ya mlinzi wa mgonjwa. Huyu husahauliwa kabisa. Kila anayekuja analeta uji wa mgonjwa, na mama aliyelala chini kwenye kitenge kwa wiki nzima anashinda na njaa.

Kwenye kituo cha kolera hamuingii. Acheni mzigo langoni kama wahudumu wanaruhusu, ongeeni na familia nje, mrudi.

Na hili nalisema kwa nguvu zote: mtu asimwambie mgonjwa aache dawa kwa kuwa ameombewa. Dawa za kifua kikuu cha kawaida zinamezwa miezi 6, hata kama kikohozi kimeisha mwezi wa pili. Akiziacha katikati, ugonjwa unarudi na unaweza kuzishinda dawa zilezile. Dawa za virusi vya ukimwi ni za maisha yote. Ombeni pamoja naye, kisha mumkumbushe saa ya vidonge. Anayeona kwamba kidonge kinapunguza imani anawapeleka watu kaburini kwa jina la Mungu, na shirika linapaswa kumzuia kwenda hospitali.

Tatizo la matembezi haya ni wiki ya tatu. Siku ya kwanza wanakwenda watu kumi na wimbo; wiki ya tatu, mgonjwa amekonda, pesa zimekwisha, hakuna anayebisha hodi. Dawa yake ni daftari la mistari mitano: jina, chumba, siku tuliyokwenda, kinachohitajika, na nani anarudi lini. Huo mstari wa mwisho usipojazwa, hesabuni kwamba hakuna atakayerudi.

Mgonjwa akipona lakini akazuiliwa kwa sababu ya deni, msisubiri Jumapili. Kila usiku anaolala unaweza kuongeza deni. Ombeni faktire (hesabu ya deni) ya siku hiyo kwa maandishi, ipelekeni Karitasi, ofisi ya misaada ya parokia, na malipo yafanyike kwenye kesi, dirisha la malipo la hospitali, kwa risiti. Pesa zisipitie mkononi mwa mtu, hata awe ndugu wa mgonjwa.

Kazi ya pili inayohitaji ujuzi ni jiko. Goma imekwisha kulisha watu wengi: waliokimbia mlima wa moto Nyiragongo mwaka 2002 na 2021, waliokimbia vita, kila mara kuna parokia iliyowasha moto. Kwa watu wazima 100 wekeni maharagwe makavu kilo 12, mchele kilo 12, mafuta lita 3, vitunguu kilo 3, chumvi kama gramu 700 mkiongeza kwa kuonja. Mkipika bugali badala ya wali, unga uwe kilo 18 hadi 20. Maji, bidoni (madumu) 10 za lita 20, za kuloweka, kupika, kuosha na kunywa. Mwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya mizigo, azilete jana yake jioni, kwa sababu asubuhi foleni ya maji itawachelewesha wote. Maji ya ziwa yatiwe klorini kwa kipimo walichoelekeza wahudumu wa afya na yakae dakika 30 kabla ya kunywewa.

Maharagwe ndiyo yanayoharibu karamu. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na maji yanachemka kwenye digrii 95 hivi, kwa hiyo maharagwe yanachukua muda mrefu kuliko kule chini pwani. Loweka tangu jioni, asubuhi mwaga yale maji, weka mapya. Nunua yote kwa muuzaji mmoja, ya mavuno mamoja. Ukichanganya ya zamani na mapya, nusu yatapondeka na nusu yatabaki mawe. Nyanya tia mwishoni, yakishalainika, maana uchachu wake unayachelewesha. Tumia sufuria mbili za lita 50, si moja ya lita 100, kwa kuwa kubwa inaungua chini kabla ya juu kuiva. Chakula cha saa sita mchana, moto uwake saa kumi na moja alfajiri.

Idadi ya watu ipatikane jana yake kutoka kwa wasimamizi wa mashirika, kisha ongezeni sahani 10. Anayepakua awe mmoja, na upawa mmoja, asibadilishwe katikati. Malalamiko mengi huanza pale upawa unapobadilika mkono. Wazee, wajawazito na wenye watoto wachanga waanze. Sahani za wapishi zitengwe mapema, la sivyo wapishi watajitengea wenyewe, na watu wataona. Kilichobaki kigawiwe siku hiyohiyo. Wali uliolala kwenye sufuria bila baridi unaweza kuwapa watu sumu.

Wakati mwingine mfadhili analeta magunia ya unga wenye ukungu au samaki waliokwisha kunuka, akisema maskini hawachagui. Kataeni. Mji wetu una shahidi wa jambo hili. Floribert Bwana Chui, mtoto wa Goma aliyezaliwa mwaka 1981, alikuwa akiwahudumia watoto wa mitaani pamoja na Jumuiya ya Sant'Egidio, chama cha Wakatoliki walei. Kazini kwake, kwenye ofisi ya ukaguzi wa bidhaa, alikataa rushwa ya kupitisha chakula kilichoharibika, akauawa Juni 2007. Alitangazwa Mwenyeheri mjini Roma tarehe 15 Juni 2025. Mtu alitoa uhai wake ili watu wa Goma wasile vilivyooza, halafu sisi tuvigawe uani kwa kanisa? Fungua kila gunia mbele ya aliyeleta, tia mkono mpaka katikati, nusa. Ukungu ukiwepo, usichambue wala usianike. Rudisha lote.

Pesa: wahesabu wawili, wa tatu aandike, mezani, mbele ya watu, kabla ya kutoka mahali pa kikao. Franga na dola zikae kwenye kurasa mbili tofauti. Mkibadilisha, andikeni kiwango cha siku hiyo. Ugomvi mwingi wa hesabu unaitwa wizi, kumbe ni dola 20 zilizoandikwa kwa franga bila kiwango. Mchango usiingie kwenye simu ya mtu binafsi, hata kama ni mwaminifu sana. Nunueni laini ya kundi, na mmoja ashike simu, mwingine ashike namba ya siri. Kila mwisho wa mwezi yasomwe yaliyoingia, yaliyotoka na yaliyobaki, hata kama yaliyobaki ni sifuri.

Anayependa watoto, kanuni ni chache lakini hazina ruhusa ya kuvunjwa. Watu wazima wawili daima, mlango wazi, majina yaandikwe wanapoingia, na mtoto mdogo akabidhiwe kwa mtu aliyemleta. Somo la walio chini ya miaka 7 lisizidi dakika 20. Zinazobaki ni nyimbo na michezo. Kuna vyama vya vijana Wakatoliki: Bukavu ndiko Xaveri ilikozaliwa mwaka 1952, na Lubumbashi wana Kiro. Mwenye nafasi ajifunze kwao kabla ya kubuni yake.

Dada yangu, nyumbani kwako waambie siku uliyoichagua na saa utakayorudi, ili wasiichukie kazi hiyo kabla hujaizoea. Jua pia kwamba utakutana na msimamizi mkali, na pia na mama atakayesema wageni wanataka kujionyesha. Jibu lake ni kufika Alhamisi ijayo kwa saa ileile. Ukisafiri, toa taarifa wiki mbili kabla na umtaje atakayeshika nafasi yako. Ukiamua kuacha kabisa, usiache kwa kunyamaza: nenda na mwenzako kwa wale wagonjwa wako mara mbili, umjulishe kwa majina, kisha umkabidhi daftari mbele ya msimamizi, na wote watatu mtie sahihi kwenye ukurasa wa siku hiyo.