Kutoka laptopu kwenda seva ya muziki: unachopata na usichopata

Mkuu, umesema unapiga muziki kwa laptopu iliyounganishwa kwa USB na DAC (kifaa kinachogeuza namba za faili kuwa sauti ya kwenda kwenye amplifaya), spika zina mvumo, sauti hukatika mara kwa mara, na unauliza kama seva ya muziki, yaani kompyuta ndogo ya kuhifadhi na kupiga muziki tu, itakupa sauti bora. Niliishi na mfumo kama wako kwa miaka. Sasa natumia seva na sitarudi kwenye laptopu, ila sababu yangu si ile inayotajwa sana na wauzaji.

Tuanze na mvumo, maana unaweza kuupima leo bila kununua chochote. Chomoa chaja, acha laptopu itumie betri, kisha sikiliza. Mvumo ukipotea, huenda tatizo ni mzunguko wa waya wa ardhi: chaja na amplifaya zote zimeungana na ardhi ya umeme wa ukutani, halafu kebo ya USB na zile za sauti zinalifunga duara. Ndiyo maana unasikia ngurumo nzito ya hezi 50 au 60, na pengine mikwaruzo inayobadilika ukisogeza kipanya. Kebo ya optiki inalikata duara hilo kabisa kwa sababu inapitisha mwanga, haina shaba. Kama DAC yako ina tundu la optiki na laptopu haina, hapo tayari una sababu ya kutafuta kifaa kingine. Lakini seva nayo ni kompyuta. Ukiiunga kwa USB na kuipa umeme wenye waya wa ardhi, mvumo unaweza kukufuata hukohuko.

Kukatika kwa sauti ni jambo jingine. Laptopu ina kazi nyingi kwa wakati mmoja: masasisho, kivinjari, Wi-Fi, kubana matumizi ya betri. Mojawapo ikichelewesha data kidogo tu, unasikia "tik". Isitoshe, kwenye Windows kwa kawaida sauti zote hupitia kichanganyaji cha mfumo. Kikiwekwa sampuli (vipimo vya sauti) 48,000 kwa sekunde, muziki wa CD wenye sampuli 44,100 hubadilishwa kabla haujafika kwenye DAC. Ingia kwenye mipangilio ya programu yako ya muziki, iruhusu imiliki DAC peke yake, na uongeze ukubwa wa bafa, ile akiba ya data inayosubiri kupigwa. Kwangu hatua hizo mbili zilimaliza sehemu kubwa ya kero.

Baada ya kuisafisha laptopu hivyo, nililinganisha: faili lilelile, DAC ileile, kiwango kilekile cha sauti. Sikusikia tofauti kati yake na seva. Na haishangazi. DAC nyingi za USB za siku hizi hutumia saa yao wenyewe kupanga sampuli. Kompyuta inaleta namba tu. Namba zikifika kamili na kelele za umeme zikizuiwa, aliyezileta hana cha kuongeza. Anayekuahidi besi nzito zaidi kwa sababu ya seva, mwombe akuonyeshe bila wewe kujua ni kifaa gani kinacholia.

Basi kwa nini sirudi? Kwa sababu muziki sasa uko tayari muda wote. Nafungua simu, nachagua albamu, inaanza. Hakuna kusubiri laptopu iwake, hakuna mlio wa barua pepe katikati ya wimbo, na nikitoka na laptopu muziki unabaki nyumbani kwa wengine. Kila mtu ndani ya nyumba anaweza kuuanzisha bila kuniita. Nimejikuta nasikiliza albamu kuanzia mwanzo hadi mwisho, jambo nililokuwa nimeliacha kabisa nilipokuwa na skrini mbele yangu. Hilo kwangu lina thamani kuliko vipimo vyote.

Kuhusu kifaa, huhitaji nguvu nyingi. Muziki wa CD ni kilobiti 1,411 kwa sekunde, na hata ule wa biti 24 na sampuli 192,000 ni takriban megabiti 9. Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bei nafuu, inatosha kabisa ikiwa na programu za bure kama Volumio, moOde au piCorePlayer. Umeme ukikatika ovyo unakoishi, fikiria piCorePlayer: mfumo wake hukaa kwenye RAM wakati wa kazi, hivyo kadi ya kumbukumbu haiko hatarini sana. Weka muziki kwenye SSD (diski isiyo na sehemu zinazozunguka) ili chumba kiwe kimya, na kama kebo ya mtandao inafika, itumie badala ya Wi-Fi.

Kazi yenyewe iko kwenye maktaba, na hapa nakusihi usiharakishe. Hifadhi kwa FLAC, aina ya faili ya sauti: haipotezi chochote na mara nyingi hubana CD hadi karibu nusu ya ukubwa wake, kwa hiyo terabaiti moja inabeba albamu zaidi ya 2,000. Kisha panga lebo za faili (majina ya msanii, albamu na wimbo yaliyoandikwa ndani yake) kabla ya kuhamisha. Kwenye laptopu unaweza kutegemea folda, lakini seva nyingi hutegemea lebo. Sehemu ya "msanii wa albamu" ikiwa tupu, albamu yenye waimbaji kumi itatawanyika vipande kumi. MusicBrainz Picard, programu ya kujaza lebo, inasaidia sana, ingawa rekodi za zamani na za nyumbani utazijaza kwa mkono. Hakikisha pia programu unayochagua haiweki ukimya kati ya nyimbo. Kwenye rekodi za jukwaani pengo hilo linaudhi mno.

Na nakala rudufu iwe kwenye diski ya pili iliyochomolewa, ikae mbali na seva. Diski mbili zinazoakisiana ndani ya kifaa kimoja si nakala rudufu: ukifuta albamu kwa bahati mbaya, inafutika kote kuwili.

Laptopu usiigawe; kuchukua muziki kutoka kwenye CD na kusahihisha lebo bado ni kazi yake. Fanya lile jaribio la betri kwanza, kisha utuandikie DAC yako ni ipi na ina matundu gani, tuone kama optiki inatosha au kuna haja ya kitu kingine.