Miarobaini ya Barabarani

SWALI: Mhariri, miarobaini iliyo kando ya barabara kuu hapa mtaani imedumaa na majani yake ni ya kijivu, ilhali ile ya uani, ya umri uleule, imestawi. Je, ni moshi wa magari?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Moshi unachangia, lakini sisi tungelaumu kwanza vumbi, ambalo hufunika majani, huyapunguzia mwanga na kuziba vitundu vidogo vya kupitishia hewa, hadi mvua itakapoyaosha. Ikiwa magari huegeshwa hapo, udongo ulioshindiliwa huinyima mizizi hewa na maji. Gesi za nitrojeni za injini, ajabu, hurutubisha baadhi ya magugu. Mchicha wa hapo tusingeula: risasi, madini yenye sumu yaliyotiwa kwenye petroli ya zamani, iliyoacha kutumika kusini mwa Sahara kufikia 2006, hudumu udongoni.